Mikono ya Mtu Mmoja: Kisa cha Askofu Petrus Magni wa Västerås, 1523–1534

Tarehe 5 Januari 1528, katika mji wa Strängnäs ulioko kando ya ziwa Mälaren nchini Uswidi, mtawa mmoja aliyekuwa ameishi Roma miaka 16 aliweka mikono yake juu ya vichwa vya mapadre watatu, nao wakainuka wakiwa maaskofu wa Skara, Strängnäs na Turku, mji ulioko Ufini. Siku 7 baadaye mfalme Gustav Vasa alitawazwa katika kanisa kuu la Uppsala, na ufalme wake ukawa na maaskofu wapya waliowekwa wakfu kwa mikono ya askofu halali. Mtawa huyo alikuwa Petrus Magni, ambaye Waswidi wenzake walimwita Peder Månsson, askofu wa dayosisi ya Västerås. Hakuwa mtu wa siasa, wala hakuwa mwanamatengenezo. Hata hivyo, ukiufuata mstari wa maaskofu wa Uswidi kurudi nyuma, karne baada ya karne, mahali pa kuvukia kutoka Kanisa la Zama za Kati hadi Kanisa la Kilutheri ni mikono yake huyu mtu mmoja.

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kwa haraka, kana kwamba ni tanbihi ndogo katika habari za ushindi wa Matengenezo ya Kanisa. Mimi nakiona kwa namna nyingine. Ni kisa cha mtu aliyebanwa pande zote, akalitenda jambo asilolitaka kwa utaratibu uliokuwa sahihi, na usahihi ule ukaja kuwafaa watu ambao yeye mwenyewe asingekubaliana nao hata kidogo.

Kwanza tuweke wazi kinachobishaniwa. Makanisa yenye maaskofu yameshika tangu zamani desturi kwamba askofu hajiweki mwenyewe, wala hawekwi na waumini peke yao, bali huwekewa mikono na maaskofu waliomtangulia, ambao nao waliwekewa mikono na wengine, hadi kuwafikia mitume. Hiyo ndiyo inayoitwa urithi wa kitume. Ina pande mbili ambazo watu huzichanganya. Upande mmoja ni mikono, yaani tendo lenyewe la kuweka wakfu. Upande wa pili ni kiti, yaani dayosisi yenye mipaka yake, kanisa kuu lake, mapadre wake na waumini wake, ambayo askofu mmoja humwachia mwingine. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliagiza kwamba askofu awekwe wakfu na maaskofu wasiopungua watatu, ili jambo lisitegemee mtu mmoja wala lisifanyike gizani. Swali la kisa chetu ni kama kati ya 1523 na 1534, katika dayosisi ya Västerås na zile zilizoitegemea, mnyororo huo ulikatika au ulishika.

Västerås yenyewe haikuwa dayosisi ya pembeni. Kanisa lake kuu la matofali liliwekwa wakfu mwaka 1271, na eneo lake lilijumuisha Västmanland na Dalarna, nchi ya misitu na machimbo, ambako shaba ya Falun ilichimbwa. Watu wa Dalarna walikuwa wagumu. Ndio waliomwinua Gustav Vasa dhidi ya mfalme Christian II wa Denmark, na ndio hao hao walioasi dhidi yake mara tatu katika muda wa miaka 10 ya mwanzo wa utawala wake. Kwa hiyo askofu wa Västerås alikuwa kwa mfalme jambo la usalama wa dola. Aliyekalia kiti hicho alisikilizwa na watu wenye silaha.

Ufalme wa Uswidi, ambao wakati huo ulijumuisha Ufini, ulikuwa na dayosisi 7. Gustav alipochaguliwa kuwa mfalme tarehe 6 Juni 1523, viti 5 kati ya hivyo havikuwa na askofu aliyewekwa wakfu na kuwepo nchini. Maaskofu wa Skara na Strängnäs walikuwa wamekatwa vichwa Stockholm mwezi Novemba 1520, katika mauaji ambayo Christian II aliyafanya mara baada ya kutawazwa. Askofu mkuu Gustav Trolle wa Uppsala, aliyekuwa upande wa Wadenmark, alikuwa amekimbia. Askofu Arvid Kurck wa Turku alizama na meli mwaka 1522 alipokuwa akikimbilia Uswidi. Otto Svinhufvud wa Västerås alikuwa amefariki. Waliobaki ni Hans Brask wa Linköping, mtu hodari aliyeuona mwelekeo wa mambo mapema kuliko wote, na Ingemar wa Växjö, ambaye alikuwa mzee.

Hapa ndipo inafaa kusimama, kwa sababu watu hufikiri kwamba urithi wa kitume hukatwa na mafundisho. Katika Uswidi ulikaribia kukatwa na shoka, bahari na uzee, hata kabla ya mtu yeyote kuhubiri mafundisho ya Luther mbele ya mfalme.

Kwa kiti cha Västerås makanoni, yaani mapadre wa baraza la kanisa kuu, walikuwa wamemchagua Peder Jakobsson Sunnanväder, aliyewahi kuwa mkuu wa ofisi ya maandiko ya mtawala Sten Sture Mdogo. Hakuwahi kuwekwa wakfu. Mwaka 1523 mfalme alimshtaki kwamba anachochea watu wa Dalarna, akamwondoa. Sunnanväder alikimbilia milimani pamoja na Mwalimu Knut, aliyekuwa dekano wa Västerås, kisha wakavuka hadi Norwe. Waliporudishwa mwaka 1526 waliingizwa Stockholm wakiwa juu ya farasi waliokonda, Sunnanväder akiwa na taji la majani makavu kichwani na upanga wa mti ubavuni, Knut akiwa amevishwa mitra, yaani kofia ya kiaskofu, ya magome ya mti. Watu wa mji walitazama. Mwezi Februari mwaka uliofuata wote wawili waliuawa. Nimeitaja mitra ile ya magome kwa makusudi. Kila aliyeitwa kukalia kiti cha askofu katika miaka ile alijua ilikuwaje, na Petrus Magni, aliyekuwa amechukua nafasi ya Sunnanväder, alijua kuliko wengine.

Petrus alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Birgitta katika nyumba ya Vadstena. Mwaka 1508 wenzake walimtuma Roma kuisimamia nyumba ambayo Birgitta mwenyewe aliishi na kufia, karibu na uwanja unaoitwa leo Piazza Farnese. Huko alikaa akiitetea mali ya shirika, na saa zake za ziada alizitumia kuandika kwa Kiswidi kuhusu mambo ambayo aliona nchi yake inayahitaji: uchimbaji na uyeyushaji wa madini, kilimo, utengenezaji wa vioo, mambo ya vita na bahari, na tiba. Ni jambo la kutia moyo kuona mtawa aliyejifungia Roma akiwafikiria wachimbaji wa nyumbani. Asingeweza kujua kwamba siku moja atakuwa askofu wa wachimbaji hao hao.

Mwaka 1523 Gustav alimwandikia Papa akiomba maaskofu wateule wathibitishwe bila kulipa ada ambazo Roma ilidai, kwa kuwa hazina ilikuwa tupu na deni lake kwa mji wa Lübeck lilikuwa kubwa. Papa naye alisisitiza kwamba Gustav Trolle ndiye askofu mkuu halali. Mfalme alijibu kwa ukali, akisema kwamba kama uthibitisho hautapatikana, wateule watathibitishwa na Kristo aliye kuhani mkuu wa pekee. Maneno haya huchukuliwa na wengi kuwa tamko la Kilutheri. Nionavyo mimi, ni maneno ya mtu asiye na fedha. Alichokuwa anakihitaji ni maaskofu watakaomtii, wasiomgharimu, na ambao Ulaya haitawakana.

Katika mvutano huo uthibitisho mmoja ulipita, ule wa Petrus Magni. Aliwekwa wakfu Roma mwaka 1524, chini ya Papa Klementi wa VII, kwa ibada kamili ya Kirumi. Katika ibada hiyo ya wakati ule mteule alipiga magoti, kitabu cha Injili kikawekwa wazi juu ya shingo na mabega yake, na maaskofu wakamgusa kichwa kwa mikono yao wakitamka maneno ya kumpokea Roho Mtakatifu. Baada ya hapo alipakwa krisma, yaani mafuta matakatifu, kichwani na mikononi, akakabidhiwa fimbo na pete. Ndicho alichorudi nacho Uswidi. Alikuwa amebeba mikononi mwake kitu ambacho mfalme alikihitaji na hakuweza kukitengeneza mwenyewe.

Johannes Magnus, aliyechaguliwa kuwa askofu mkuu badala ya Trolle, aliondoka nchini mwaka 1526 na hakurudi tena. Mwezi Juni 1527 mfalme aliwaita wawakilishi wa tabaka zote za nchi katika mji wa Västerås kwenyewe, na mkutano ule ukaamua kwamba ngome za maaskofu na mali ya ziada ya Kanisa ziende kwa mfalme. Hans Brask alisalimisha ngome yake, na kabla mwaka kwisha akaondoka, asirudi tena. Kwa hiyo ilipofika wakati wa kumtawaza mfalme, aliyekuwa na nguvu ya kuweka maaskofu wakfu kwa njia isiyo na doa, na ambaye bado alikuwa akifikika, alikuwa huyu mtawa wa Vadstena.

Hapa tunarudi Strängnäs, Januari 1528. Waliowekewa mikono walikuwa Magnus Haraldsson wa Skara, Magnus Sommar wa Strängnäs na Mårten Skytte wa Turku, mtawa wa Kidominika. Hawakuwa na uthibitisho wa Papa. Petrus alijaribu kulinda dhamiri yake kwa kuwataka waahidi kwamba wataomba uthibitisho huo baadaye. Ahadi hiyo haikutimizwa, lakini inatuonyesha alivyoliona jambo lenyewe: aliamini kwamba anafanya tendo la Kanisa lile lile lililomweka yeye wakfu, na kwamba kilichopungua ni barua kutoka Roma ambayo ingefuata.

Tuseme wazi kwamba jambo lilikuwa na kasoro. Kanuni ilidai idhini ya Papa, na haikuwepo. Kanuni ya Nisea ilidai maaskofu watatu, na mstari wote ukamwegemea mmoja. Lakini theolojia ya Kanisa la Magharibi yenyewe imetofautisha siku zote kati ya kilicho halali kwa sheria na kilicho kweli kwa tendo. Uwekaji wakfu uliofanywa na askofu mmoja, aliyewekwa vizuri, kwa ibada iliyo sawa na kwa nia ya kutenda anachotenda Kanisa, unavunja utaratibu, ila askofu anayetoka hapo ni askofu. Wapo wanaoona kwamba kasoro mbili zikijumlishwa hufanya ubatili. Sioni msingi wa hesabu hiyo.

Jaribio gumu zaidi lilikuja mwaka 1531. Mfalme alikuwa anamwoa Katarina wa Sachsen-Lauenburg, na binti wa mtawala wa Kijerumani hakuweza kuozwa na kutawazwa na mtu yeyote tu. Ilihitajika askofu mkuu. Mapadre wa nchi walimchagua Laurentius Petri, mtoto wa mhunzi wa Örebro, aliyesoma Wittenberg, mji wa Luther, ndugu yake Olaus Petri aliyekuwa mhubiri mkuu wa Matengenezo huko Stockholm. Safari hii hapakuwa na ahadi ya kuandika Roma. Mteule alikuwa Mlutheri waziwazi, na kiti alichopewa kilikuwa na mwenyewe, Johannes Magnus, aliyekuwa bado hai ng'ambo.

Mwaka huo huo mfalme alikuwa amedai kengele moja kutoka kila kanisa ili alipe deni la Lübeck, na watu wa Dalarna walikuwa wamekataa na kuzichukua tena kengele zao. Askofu wa Västerås alikuwa kati ya mfalme aliyekasirika na waumini walioasi. Angekataa kumweka Laurentius wakfu, angehesabiwa pamoja na waasi, na mfano wa Sunnanväder ulikuwa wa miaka 4 tu iliyopita.

Ndipo mwezi Agosti 1531 Petrus Magni na Magnus Sommar wakaandika kwa siri, huko Strängnäs, hati ya kupinga. Walisema kwamba wanalazimishwa kuwaweka wakfu watu ambao kwa hiari yao wasingewaweka, na kwamba wanayafanya hayo kwa hofu. Hati hiyo haikutangazwa. Mwezi uliofuata, tarehe 22 Septemba, Laurentius Petri aliwekwa wakfu Stockholm kuwa askofu mkuu wa Uppsala, na siku mbili baadaye akamfungisha mfalme ndoa yake.

Nimeifikiria hati hii muda mrefu, maana ndiyo kiini cha kisa. Wanaopinga urithi wa Uswidi huishika na kusema: tazameni, waliomweka hawakutaka, basi tendo lao halikuwa tendo. Lakini hati ile ile ndiyo shahidi imara kuliko wote kwamba tendo lilifanyika. Mtu haandiki kwa siri, akihatarisha shingo yake, kupinga ibada ambayo ni maigizo. Kama Petrus angeona kwamba mikono yake haitaleta kitu, au kama angekusudia moyoni kusogeza midomo tu bila nia, asingekuwa na haja ya kuitua dhamiri yake kwa maandishi. Alipinga kwa sababu alijua kwamba Laurentius Petri atainuka akiwa askofu kweli. Kulazimishwa huondoa furaha ya mtendaji, na huenda kukapunguza lawama yake, lakini hakuondoi nia yake ya kutenda anachokijua. Padre anayebatiza mtoto kwa kutishwa na baba mwenye panga amebatiza.

Nasema haya nikijua kwamba Kanisa Katoliki halijayatambua madaraja, yaani uaskofu na ukuhani, ya Kanisa la Uswidi, na sababu zake haziishii kwenye hati ya 1531. Zinahusu pia ibada zilizofuata na maana iliyopewa ukuhani baada ya hapo. Hilo ni suala kubwa kuliko kisa hiki. Ninachodai ni kidogo na ninakidai kwa uhakika: siku ile ya Septemba, mikono haikukatika.

Petrus Magni alifariki mwezi Mei 1534 akiwa bado askofu wa Västerås. Hakukimbia kama Brask, hakuasi kama Magnus Haraldsson, aliyejiunga na maasi ya mwaka 1529 kisha akatoroka, wala hakuvuliwa kiti kama Magnus Sommar mwaka 1536. Kiti chake alikichukua Henricus Johannis, mtu wa utaratibu mpya. Maandiko yake ya Kiswidi kuhusu madini na kilimo yalibaki katika miswada, yakaja kuchapishwa kwa ukamilifu katika karne ya 20.

Baada ya hapo mnyororo ulipita mahali pengine pembamba, na hapa nitapita haraka. Katika miaka ya 1540 Gustav Vasa, akishauriwa na Mjerumani Georg Norman, aliwapunguza maaskofu wakawa wasimamizi tu wa maeneo yaliyogawanywa upya, na hata jina la askofu likaanza kufifia. Laurentius Petri alivumilia. Alikaa kwenye kiti cha Uppsala miaka 42, akabaki hai baada ya mfalme Gustav kufariki, na mwaka 1571 akatoa agizo la Kanisa lililosema kwamba daraja la askofu lilitokana bila shaka na Roho Mtakatifu na linapaswa kubaki. Alipofariki mwaka 1573, mrithi wake Laurentius Petri Gothus aliwekwa wakfu mwaka 1575 kwa mikono ya Paul Juusten, askofu wa Turku, kwa mitra na fimbo kama alivyotaka mfalme Johan III. Juusten naye, pamoja na Mikael Agricola, alikuwa amewekwa mwaka 1554 kwa mikono ya Botvid wa Strängnäs, aliyechukua kiti cha Magnus Sommar. Mstari ulienda Ufini ukarudi. Nchi iliyokuwa imepoteza askofu wake baharini mwaka 1522 ndiyo iliyoirudishia Uppsala askofu mkuu.

Ili kuona uzito wa alichokifanya Petrus, inatosha kutazama ng'ambo ya mpaka. Nchini Denmark mfalme Christian III aliwakamata maaskofu wote mwaka 1536, na tarehe 2 Septemba 1537 Johannes Bugenhagen, mchungaji kutoka Wittenberg ambaye hakuwa askofu, aliwaweka wasimamizi 7 huko Copenhagen. Viti vya Roskilde, Ribe, Aarhus na vinginevyo viliendelea kwa namna fulani, lakini mikono ilikatika siku hiyo, na Norwe na Iceland zilizokuwa chini ya taji hilo zikafuata. Ufini yenyewe ilikuja kupata pengo mwaka 1884, baada ya maaskofu wake wote kufariki ndani ya muda mfupi, hata askofu mkuu mpya Renvall akawekwa na profesa wa theolojia ambaye hakuwa askofu.

Kwa karne kadhaa Waswidi wenyewe hawakulizungumza sana jambo hili. Walutheri hufundisha kwamba Kanisa lipo panapohubiriwa Injili na kutolewa sakramenti sawasawa, kwa hiyo mnyororo wa mikono kwao ulikuwa urithi mzuri, si sharti. Walioufukua ni Waanglikana. Baada ya Papa Leo wa XIII kutangaza mwaka 1896 kwamba madaraja yao ni batili, wasomi wao walikuwa na sababu ya kujali sana jinsi urithi unavyothibitishwa, na Uswidi ikawa kisa cha kuchunguzwa. Swali lao la kwanza lilikuwa lile lile: je, Petrus Magni aliwekwa wakfu kweli huko Roma? Walichimba hifadhi za nyaraka, wakaridhika. Mwaka 1909 ujumbe wao ulikwenda Uppsala, na mkutano wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth, London, wa mwaka 1920 ukakubali ushirika na Kanisa la Uswidi. Mwezi Septemba mwaka huo maaskofu wa Durham na Peterborough walisimama pamoja na askofu mkuu Nathan Söderblom katika kanisa kuu la Uppsala, wakashiriki kuwawekea mikono maaskofu wawili wapya. Mmoja alikuwa wa Visby. Mwingine alikuwa Einar Billing, askofu mteule wa Västerås. Sijui kama waliopanga siku hiyo waliona uzuri wake, lakini mimi huuona kila ninapoufikiria: kiti cha Petrus Magni ndicho kilichopokea mikono ya wale waliokuwa wamemchunguza.

Makubaliano ya Porvoo, yaliyotiwa sahihi mwaka 1996 kati ya Makanisa ya Kianglikana ya Uingereza na Ireland na Makanisa kadhaa ya Kilutheri ya Nordiki na Baltiki, yalilitatua suala la zile nchi zilizokatika kwa kusema kwamba mikono ni ishara ya uaminifu wa Kanisa zima, si dhamana yake, na kwamba mwendelezo wa kiti nao una uzito. Ni suluhisho la heshima. Lakini linatulazimu kukiri kwamba mwaka 1537 na mwaka 1531 hayakutokea mambo yaliyo sawa.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki habari hizi si za mbali kama zinavyoonekana. Askofu wa kwanza wa Kilutheri huko Bukoba, mwaka 1961, alikuwa Mswidi Bengt Sundkler, na mwaka 1964 alimwachia kiti Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kenya nayo ilipokea wamisionari wa Kilutheri kutoka Uswidi tangu mwaka 1948. Na tarehe 5 Februari 2005 mambo yaligeuka. Kikundi cha Waswidi kilichotofautiana na Kanisa lao kuhusu kuwapa wanawake daraja la uchungaji, jambo lililoruhusiwa huko mwaka 1958, kilikuwa kimeanzisha jimbo lao la misheni na kumchagua Arne Olsson awe askofu wao. Hakuna askofu wa Kanisa la Uswidi ambaye angemweka wakfu. Basi huko Göteborg akaja Walter Obare, askofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Kenya, akamwekea mikono.

Kanisa la Uswidi lilimvua Olsson daraja la uchungaji. Waliomwalika Obare walikuwa wamejali kwamba askofu wao apokee mikono ya askofu, na mikono waliipata. Kiti hawakuwa nacho, maana dayosisi ya Göteborg ina askofu wake. Denmark ya mwaka 1537 ilikuwa na viti bila mikono. Petrus Magni, katika ile Septemba yenye hofu, aliviunganisha vyote viwili juu ya kichwa cha mtu ambaye hakumtaka, na hati yake ya siri ikabaki kueleza kwamba alijua vizuri alichokuwa anakikabidhi.